Uzi Mwekundu Kwenye Ukosi

"Dada yangu, nakwenda kuikataa posa," mzee mwenye shati jeupe alimwambia jirani yake wa kiti basini. "Binti yangu aolewe mtaa ule wa wageni? Uchafu mtupu!"

Jirani alikuwa dobi wa mtaa huohuo, na ulimi ulimwasha. "Shati lako linameta, kaka. Anakufulia nani?"

"Dobi wa katikati ya mji. Msafi huyo!"

"Huyo hupokea tu, kufua anatuletea sisi. Hebu pindua ukosi. Hakuna uzi mwekundu?"

Mzee akapapasa. Upo.

"Alama yangu hiyo. Ukosi wako niliusugua mara tatu, na sikumwambia mtu."

Basi likasimama.

"Tumefika, mkwe wetu," dobi akasema. "Shuka polepole, usijechafuka."

Mzee alikuwa bado ameushika ukosi.