Haron Mungai na Wimbo Usiokuwa Kitabuni (1919–1975)

Ni nani anayeufanya wimbo wa sifa kuwa mtakatifu? Nauliza hapa kaburini kwa sababu baba yetu, Haron Mungai, alisimamishwa kwa swali hilo, akakaa miaka saba nje ya kwaya aliyoianzisha mwenyewe.

Marehemu alizaliwa Dagoretti tarehe 3 Machi 1919. Alisoma shule ya misheni huko Thogoto hadi darasa la nne, karo ikawashinda wazazi. Hapo ndipo alipojifunza kuimba kwa sauti nne.

Kuanzia 1938 hadi 1973 alikuwa fundi wa kujalidi vitabu katika kiwanda kimoja cha uchapaji katikati ya jiji. Vitabu vingi vya nyimbo mnavyovishika leo alivishona yeye.

Alimwoa Nyokabi mwaka 1942. Baada ya wana watatu, tarehe 9 Juni 1961, Mama alijifungua Waceke baada ya kuumwa siku mbili. Baba alitoka hospitali akiwa na furaha iliyomzidi, akatembea kwa miguu hadi Dagoretti. Alipofika nyumbani alikuwa ametunga wimbo wa kumsifu Mungu, beti tatu, kwa mdundo ambao wanawake wa sokoni huimba wakipukuchua mahindi.

Jumapili, tarehe 7 Julai 1968, kwaya iliuimba kanisani. Mzee Wahome, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, akasimama.

“Mungai, hiyo si wimbo takatifu. Haiko kwa kitabu.”

“Wahome, hiyo kitabu ni mimi nilishona,” Baba akajibu. “Niliweka uzi na gundi. Utakatifu sikuweka.”

Watu walicheka. Kamati haikucheka. Ilimwondoa kwenye kwaya, na sisi waumini tukanyamaza. Tuseme ukweli leo: tulikosa. Neno “takatifu” tulilifanya kufuli, ufunguo tukaupa kamati. Baba aliendelea kuja kila Jumapili, akikaa benchi la nyuma.

Moyo ulianza kumsumbua Januari mwaka huu. Akiwa amelazwa hospitalini Upper Hill, aliomba jambo moja tu: azikwe kwa wimbo wake. Tuliiandikia kamati mara mbili, hatukujibiwa. Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Agosti 1975, saa kumi jioni, bado akiuliza kama jibu limekuja.

Ameacha mjane wake Nyokabi, watoto Kihara, Mbugua, Kimani na Waceke, na wajukuu watano. Mungu ampumzishe mahali pema.

Asubuhi iliyofuata kifo chake, mimi Kihara nilikuwa nikipanga viti uani Mzee Wahome alipoingia. Alivua kofia, akaketi karibu na Mama. Kisha akatoa kalamu na karatasi.

“Mama Kihara,” akasema, “mimi nakumbuka ubeti wa kwanza tu. Hizo zingine zinasemaje?”