Vitambaa vya Mama Deodatha kwenye Migomba ya Maktaba

Baba Mchungaji, wazee wetu, majirani, na ninyi mliotoka Murongo tangu alfajiri, shikamooni, poleni na msiba. Aliyepewa karatasi hii aisome kwa niaba ya familia ni Joyness, mtoto wa mwisho wa marehemu, ana mtoto wa miezi minne mgongoni, kwa hiyo akisoma mbio mno mtamvumilia.

Marehemu Deodatha Polikarpi alizaliwa tarehe 2 Mei 1959 hapa hapa Bugomora, mtoto wa tatu wa mzee Polikarpi na mama Laurensia, kwenye kibanja cha nyumbani, shamba la migomba na kahawa, ambako asubuhi ukungu hushuka mpaka magotini na migomba huonekana kama inaelea. Alianza shule ya msingi mwaka 1967, akamaliza darasa la saba mwaka 1973, na ingawa alifanya vizuri, nafasi ya sekondari haikupatikana, jambo ambalo hakulilalamikia ila hakulisahau.

Mwaka 1975 alikwenda Kayanga kujifunza ushonaji kwa mama Mukakalisa, na tangu mwaka 1984 aliweka cherehani yake Murongo, akiwashonea watu wa pande zote mbili za mpaka, na kwa kuwa mafundi huchora nguo kwenye magazeti ya zamani kisha huyakata, yeye alisoma kila gazeti lililompitia, hata lililokwisha kukatwa, habari ikaishia kwenye kwapa la blauzi, naye akabaki ameshika mkasi, anawaza wale watu waliishia wapi.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na Cleophace Novatus, mkulima wa kahawa, wakajaliwa watoto wanne, Yustus, Noela, Winston na Joyness, na wajukuu tisa, wa tisa ndiye huyu aliye mgongoni.

Mwaka 2012 maktaba ya umma ilipofunguliwa kwenye chumba kimoja pembeni ya ofisi ya kata, marehemu aliingia asubuhi akatoka jioni, akasema leo ndiyo nimefika mwisho wa hadithi. Lakini vitabu vilikuwa vichache, gazeti halikuja, taa haikuwepo, ndipo yeye na majirani kumi na mmoja wakaunda Marafiki wa Maktaba, kila mmoja akatoa shina moja la mgomba kibanjani kwake, mkungu wake ukiuzwa fedha ni za maktaba, na ili shina lisichanganyike na mengine marehemu alilifunga kitambaa, vile vipande vya vitenge vinavyobaki chini ya cherehani. Mzee Methodius akipita njiani aliuliza, “Mama Yustus, migomba umeishonea magauni, harusi lini?”, akacheka mpaka akashika fimbo, na baada ya wiki mbili akaja mwenyewe kutoa shina lake, akachagua kitambaa cha njano.

Mwaka ule wa kwanza Marafiki walikosea, vitambaa vilifungwa kwenye mgomba wenye mkungu, mkungu ukakatwa, mgomba ukaangushwa, kitambaa kikaenda na majani kwa ng'ombe, na msimu uliofuata kila mtu akakumbuka kwamba shina la maktaba ni lile dogo la nyuma ya choo, na maktaba ikakaa miezi mitano bila gazeti. Tangu hapo marehemu aliweka utaratibu, kabla panga halijagusa mgomba mama, kitambaa kinafunguliwa na kufungwa kwa mtoto wake, chipukizi la pembeni litakalozaa baada yake, na kwa miaka kumi na miwili alivizungukia vibanja vyote kwa miguu, kuhakikisha.

Mwezi Machi 2025 alianza kuumwa tumbo, akakutwa na uvimbe, akafanyiwa upasuaji tarehe 20 Mei, akarudi nyumbani, akawa analala karibu na dirisha akitazama rangi za vitambaa zinavyotokea kwenye ukungu moja moja. Alimwomba Joyness avizungukie vibanja, Joyness akaahidi, na hili lisemwe mama akiwa bado hajafunikwa udongo, Joyness hakwenda, alikuwa na mtoto mchanga, halafu akaogopa, atawaambia nini wazee, yeye ambaye hata salamu huitoa akiangalia chini. Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa tatu asubuhi.

Jana mlileta mikungu ya kuwalisha waombolezaji, na Joyness alipoipokea nyuma ya turubai aliona mmoja umefungwa kitambaa cha bluu, mwingine cha njano, mpaka ikafika kumi na miwili, na wa kwetu wa kumi na tatu, mmekata migomba ya maktaba kwa kumpenda mwenye vitambaa, na mashina yamebaki bila alama. Alisimama pale kama anayeota, akaona kosa lile la kwanza linarudi. Vitambaa amevifua, viko kwenye kamba pale mlangoni, na tukitoka kaburini kila mmoja achukue chake, Joyness atafuatana nanyi leo hii, akianzia kwa mzee Methodius, mmwonyeshe palipokatwa, naye atakifunga kwa mtoto wa mgomba kwa mikono yake mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta maji na kuni, mafundi wenzake wa Murongo mliofunga vibanda vyenu leo, na Marafiki wa Maktaba.

Mama, gazeti la wiki hii limefika, liko mezani maktaba, zima, halijakatwa. Pumzika kwa amani.