Mzee Kornelio Nandonde na Jogoo Aliyeezeka Kanisa

Jumapili ya tarehe 30 Septemba 1956, baada ya Misa ya pili, Mzee Kornelio Nandonde anastaafu kazi ya utunzaji wa kanisa letu la Mtakatifu Anna, Temeke, aliyoianza mwaka 1931. Halmashauri imenipa mimi, mwalimu wa kwaya, kazi ya kuandika wasifu wake. Mwenyewe alipopata habari alisema, "Afadhali Gaudens. Huyo hata akitaka kunisema vibaya, Kiswahili chake cha Bukoba kitamwangusha njiani." Basi na tuone nani ataanguka.

Mzee Kornelio ni mtu wa Ndanda. Alikuja Dar es Salaam akiwa kijana, akapata kibarua cha ukuli bandarini, mpaka siku robota la katani lilipomwangukia mguuni. Ule mguu ulipona lakini haukurudi kuwa kama mwenzake. Padre wa wakati ule alimkuta amekaa barazani kwa watu, hana kazi, akamwuliza kama anaweza kufagia. Kornelio akajibu kwamba kufagia anaweza, ila Padre asimfundishe namna ya kushika ufagio. Ndivyo alivyoajiriwa, na tangu siku hiyo mapadre wamekuja na kuondoka bila hata mmoja kumfundisha namna ya kushika chochote.

Siku hizo Temeke ilikuwa mashamba ya mihogo na minazi, nyumba moja hapa na nyingine kule, na kanisa letu lilikuwa kibanda cha makuti kisicho na mlango. Kazi yake ilikuwa kufagia, kuteka maji, kufukuza mbuzi, kugonga kengele, na, kwa kuwa hakuna aliyemkataza, kumshauri Padre. Kengele yenyewe ni kile kipande cha reli mnachokiona hadi leo. Alikigonga kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kubeba magunia. Jirani yetu Mzee Salumu, fundi seremala, alipokuwa bado mgeni mtaani alimwita ukutani akamwuliza kwa upole, "Kornelio, kwani Mungu wenu hasikii vizuri?"

"Anasikia sana," akajibu Kornelio. "Wasiosikia ni Wakristo."

Kuhusu sauti yake ya kuimba nitasema kidogo, kwa sababu leo ni siku ya furaha. Huimba kutoka mlangoni, na kila ubeti huumaliza peke yake, wakati kwaya nzima imekwisha kunyamaza. Nilijaribu kumrekebisha. Nikamwambia, "Mzee, jaribu kumaliza pamoja nasi." Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, mie nikimaliza mapema nitakwenda wapi?" Nikaacha.

Lakini kipaji alichojaliwa kwa kweli ni cha udalali. Mnada wetu wa mavuno ulikuwa kitu cha baridi kabla hajaushika: katekista anasoma jina la kitu, watu wanatazama viatu vyao, kitu kinarudi nyumbani na mwenyewe. Siku moja katekista aliugua homa, Kornelio akapanda juu ya sanduku la chai, na tangu hapo hakushuka. Aliwahi kumuuzia fundi mwashi Romani boga ambalo Romani mwenyewe alilileta asubuhi ile kama sadaka, na Romani akalinunua kwa bei kubwa akishukuru kwamba amepata boga zuri kuliko lake.

Sasa nifike kwenye habari ambayo Mzee Kornelio ameniomba nisiiandike.

Masika ya mwaka 1947 yalilishusha paa letu la makuti usiku kucha, na kulipokucha kanisa lilikuwa kuta nne na mbingu. Tukawa tunasali tukiwa wazi, Padre amefunikwa kwa mwavuli, sisi tumefunikwa kwa imani. Padre akatuita akasema maneno mazito. Alisema yuko tayari kututafutia mabati, lakini sharti waumini wachange sehemu yao kabla ya Noeli. Wasipoweza, Mtakatifu Anna itafungwa, nasi tutakwenda kusali mjini. Kwa mwenye baiskeli hilo lilikuwa jambo dogo. Kwa bibi mwenye miguu inayovimba, au mama mwenye mtoto mgongoni, ilikuwa sawa na kuambiwa asisali tena.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wakati ule tulikuwa hatuelewani. Watu wa bara, akina sisi, tulikaa kulia. Watu wa kusini walikaa kushoto. Kila upande uliona nyimbo za mwenzake ni kelele na chakula chake ni adhabu. Kiongozi wa kulia alikuwa Bwana Wilbert, karani wa reli, mtu wa Kilema, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikakata hewa. Wa kushoto alikuwa Romani. Walipoitwa kwenye mkutano wa paa, Wilbert alisema watu wa kusini wachange kwanza kwa kuwa ni wengi, Romani akasema watu wa bara wachange kwanza kwa kuwa wana mishahara. Mkutano ukaisha hivyo. Kornelio, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alienda zake kimya, jambo ambalo lingetushtua kama tungekuwa na akili.

Mnada wa Oktoba ulipofika, ua ulijaa watu, na vitu vilikuwa vya kawaida: mihogo, nazi, kuku waliofungwa miguu. Katikati ya wale kuku alikuwamo jogoo mmoja mwekundu, mkubwa, hana kamba, anatembea huku akidonoa mahindi yaliyomwagika kana kwamba yeye ndiye mwenyekiti wa halmashauri. Kornelio aliamini kamba yake imefunguka. Akamkamata, akamwinua juu.

Wilbert akamnunua, na ili kuonyesha ukarimu wa watu wa bara, akamrudisha anadiwe tena. Hapo Kornelio akageuka upande wa kushoto. "Jamani watu wa kusini," akasema kwa sauti ya msiba, "mmesikia? Jogoo amechukuliwa na bara. Mtarudi nyumbani mkawaambie nini watoto?"

Romani akamnunua kwa bei ya juu zaidi, naye akamrudisha. Kornelio akageuka kulia. "Bwana Wilbert, shikamoo yangu uirudishe. Nilidhani nakaa na wakubwa." Wilbert akaingia mfukoni tena. Wakafuata wengine nyuma yao, akina mama wakafungua pindo za khanga, jogoo akaenda bara na kurudi kusini mpaka yeye mwenyewe akachoka kupiga kelele. Kapu lilikuwa limejaa. Watu hawakupendana hata kidogo, lakini walikuwa wanalijengea kanisa paa kwa chuki, na Kornelio pale juu ya sanduku alikuwa anang'aa kama harusi.

Ndipo akaingia Bi Mauwa, mke wa Mzee Salumu, ushungi kichwani na mkono kiunoni.

"Kornelio! Huyo jogoo umempata wapi?"

Kornelio akamtazama jogoo, akamtazama Bi Mauwa. Jogoo kusikia ile sauti akapiga mbawa, akajivuta kwenda kwake.

"Huyo ni Bwana Shauri wangu," akasema Bi Mauwa. "Tangu asubuhi namtafuta. Nimeulizia mpaka kisimani. Kumbe mmemweka mnadani!"

Vichwa vyote vikageukia sanduku. Halafu upande wa kulia ukaanza kunong'ona, na wa kushoto ukajibu, na Wilbert akasimama. "Mali si yako, sasa umetuuzia nini?" akamwuliza Kornelio. "Mnada huu ni batili. Kila mtu arudishiwe hela yake." Romani akasema kwa mara ya kwanza anakubaliana na Wilbert. Niliona paa letu linaondoka kwa mara ya pili, na safari hii bila mvua.

Kornelio alishuka kwenye sanduku. Kwa ule mguu wake haikuwa kazi nyepesi, na hakuna aliyempa mkono. Akavua kofia, akasimama mbele ya Bi Mauwa.

"Dada yangu, nisamehe. Nimeuza kisicho changu, tena mbele ya kanisa. Sikujua, lakini ningeweza kuuliza." Akamkabidhi jogoo. Kisha akalichukua kapu, akaliweka chini katikati ya watu, akasogea kando. "Na nyie, Bwana Wilbert amesema kweli. Kila mtu achukue alichotoa."

Sura yake ile sijaisahau. Alikuwa mtu ambaye amepoteza kanisa kwa mkono wake mwenyewe.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinama. Bi Mauwa, aliyekwisha kugeuka aondoke, akasimama.

"Hela zenyewe za nini?"

"Za bati," nikajibu mimi. "Za paa. Tusipopata, kanisa litafungwa."

Akazitazama zile kuta. Kisha akasema, si kwa kutupendeza, bali kama mtu anayekumbusha deni la chumvi: "Mwaka ule maji yalipoingia kwangu, mie na wanangu tulilala humu ndani. Kornelio ndiye aliyetuita, akatutandikia mikeka, akatuchemshia uji. Bwana Wilbert, wewe ulikuwa hujahamia hapa." Akamrudishia Kornelio jogoo. "Panda juu. Mnadi tena."

Kornelio akapanda. Akamwinua tena yule jogoo. "Jogoo... ni wa Bi Mauwa. Nani..."

"Senti kumi," akasema Bi Mauwa.

Wilbert akafungua kinywa. Mkewe, Bibi Apolonia, mwanamke mtulivu ambaye hatujawahi kumsikia akigombana na mtu, akamfinya pajani mpaka akakaa.

"Senti kumi mara ya kwanza," akasema Kornelio. Ua kimya. "Mara ya pili." Kuku mmoja akalia. "Mara ya tatu! Amekwenda!"

Bi Mauwa akatumbukiza senti kumi kapuni, akamkwapua Bwana Shauri, akamtia kwapani. "Sasa ni wangu kwa halali," akasema, "na hela zenu mmenunulia mnada, si jogoo. Mnada mmeuona." Akaondoka.

Aliyecheka kwanza alikuwa Romani. Wilbert alijizuia kadiri heshima ya reli ilivyomruhusu, kisha akashindwa, akainama akishika magoti ya ile suruali yake mpaka mikunjo ikaharibika. Watu wakacheka wakiegemeana, bara na kusini, bila kuangalia nani wanamwegemea. Lile kapu halikuguswa na mtu.

Mabati yalikuja kabla ya Noeli. Mzee Salumu alikata mbao za kenchi na kusimamia kazi juu, Wilbert akashika misumari na kujigonga kidole, Romani akamfunga kitambaa. Misa ya kwanza chini ya paa jipya mvua ilinyesha juu ya bati kwa kishindo kikubwa hata hatukusikia neno moja la mahubiri, na wengi husema ndiyo mahubiri bora kuwahi kutolewa Temeke.

Baada ya hapo Mzee Kornelio hajawahi kunadi kuku bila kuuliza mara tatu kwa sauti kubwa, "Huyu ana mwenyewe?" Nasi hatujawahi kuacha kumjibu, "Wa Bi Mauwa!" hata kama ni bata.

Ni yeye pia aliyechonga sanamu ya Mtakatifu Anna iliyo kando ya altare, kwa mpingo aliotumiwa na ndugu zake. Ilipofunuliwa, akina mama wakanong'ona kwamba mtakatifu ana mashavu na kidevu cha Mama Filomena, mkewe. Kornelio alikana. Padre akamwuliza moja kwa moja, akakana tena, na Mama Filomena akaenda nyumbani akitembea kwa madaha ambayo hayakuwa yake ya kila siku. Mwaka 1953 Mama Filomena alifariki dunia. Tulimzika jioni, na mtaa mzima ulikuwepo, wa msalaba na wa msikiti. Kesho yake alfajiri tukasikia reli inagongwa. Padre akatoka haraka akamwambia apumzike, kazi itafanywa na wengine.

"Nikikaa nyumbani, Padre, nitamsalimia nani?" akajibu, akaendelea kugonga. Kisha akaingia ndani na kitambaa, akaifuta sanamu uso, polepole, na tangu siku ile hakuna mtu aliyemtania tena juu ya yale mashavu. Hata mimi leo nimeandika tu.

Sasa mguu umechoka, naye anakwenda kukaa Mtoni kwa binti yake Felicitas, ambaye tayari ametuarifu kwamba baba amemshauri namna ya kupanda mihogo, kupika, na kulea wajukuu. Tunampa pole mapema. Halmashauri, kwaya, bara na kusini, pamoja na majirani zetu wa upande wa pili wa ukuta, tunakushukuru, Mzee Kornelio. Umetufagilia, umetuita, umetuaibisha kwa wema wako, na umetuuzia maboga yetu wenyewe. Mungu akujalie siku ndefu, mihogo mitamu na mguu usiouma.

Tuna ombi moja tu. Katika miaka yote hii hatujakuona umeketi Misani. Ulisimama mlangoni: mara mbuzi, mara mtoto anayelia, mara bibi anayehitaji mkono. Jumapili ijayo mlango utashikwa na Romani. Kwenye benchi la tatu, kati ya Bwana Wilbert na Bibi Apolonia, wamekuachia nafasi. Njoo, mzee wetu. Kaa.

Gaudens Rwechungura,
Mwalimu wa Kwaya, kwa niaba ya Halmashauri