Mama Cibalonza na Kitenzi cha Kuogopa

Ijumaa, tarehe 28 Februari 2025, Mama Cibalonza Zihindula anavua sare baada ya miaka kumi na minane ya kutunza wazee katika nyumba za kampuni yetu: Louisville, Columbus na hapa Buffalo.

Alianzia Louisville, akiishi kitongoji cha Shively. Huko bibi mmoja wa Kibosnia alikuwa akiita kila jioni, "Bojim se!" Mama alidhani ni sala. Mwezi mzima akamwitikia "Amina", mpaka mpishi Mbosnia alipomweleza kwamba bibi wa watu anasema anaogopa. Kisa hiki hukisimulia mwenyewe, na huanza kucheka kabla yetu.

Columbus akamkuta mzee wa Ukraine anayesema "bojusia". Buffalo, Wapolandi wakasema "boję się". Mzee Kazimierz wa chumba cha tisa, mwalimu wa lugha mstaafu, ndiye aliyemfumbulia: yote ni watoto wa kitenzi kimoja cha Kislavi cha kale, *bojati sę. Wataalamu hukiwekea nyota kwa sababu hakijakutwa kimeandikwa popote. Wamekiunda upya kwa kulinganisha watoto wake. Mzizi wake ni mkongwe zaidi, una ndugu hadi Lithuania na India. Mama aliyanakili hayo yote kwenye daftari lake la zamu.

Leo Mzee Kazimierz ameyasahau. Kiingereza kimemtoka, anaita kwa Kipolandi tu, na Mama ndiye anayekimbia. Wageni kazini huwaambia kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, Kongo, "Bon, eko anaogopa. Mumushike mukono kwanza, dawa itakuya nyuma."

Novemba iliyopita daktari alimwambia Mama kwamba ugonjwa huohuo wa kusahau umeanza kumnyemelea. Ndiyo maana anaondoka mapema, anahamia Louisville kwa binti yake Jolie. Hofu yake ametuambia waziwazi: Kiingereza kitakapomtoka atalia kwa Kiswahili cha Bukavu, na wajukuu wake hawakijui. Nasi tunaogopa, tusidanganyane.

Asante, Mama, kwa wazee wote uliowatuliza na kwa sisi uliotufunza kazi. Tunakuombea siku nyingi na njema. Tumegawana siku za wiki: kila jioni mmoja wetu atakupigia simu, na atazungumza Kiswahili. Mwenzetu Anicet ataanza Jumatatu. Hata utakapoyasahau majina yetu, wewe pokea tu, useme unachokiogopa. Tutakuelewa.