Majibu ya Damu ya Chuma

Ndugu waombolezaji, historia hii imeandikwa na mjane wa marehemu, na inasomwa na mdogo wake marehemu, kwa kuwa aliomba mwenyewe kuisoma.

Marehemu, ambaye wengi tulimwita Chuma kwa sababu hakujua kuugua, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 katika nyumba za reli, akasoma shule ya msingi ya hapo hapo kuanzia 1977 hadi 1983, kisha akaacha masomo ili mdogo wake asome, na mdogo akasoma kweli.

Tarehe 2 Mei 1991 aliajiriwa kiwanda cha betri, chumba cha kuyeyushia madini ya risasi, na tarehe 6 Agosti 1994 akamwoa fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili. Mwaka 2008 mdogo wake aliletwa kuwa msimamizi wa chumba hicho, tukafurahi, tukasema sasa tuna mtu wetu. Kila asubuhi msimamizi aligawa maziwa, eti yanakata sumu, na kila miezi sita damu ilipimwa, majibu yakaingia kwenye droo yake. Marehemu alipouliza, alijibiwa, "Damu yako safi, kaka, wewe kunywa maziwa tu." Akanywa, kwani nani hupima neno la ndugu yake?

Lakini risasi haikatwi na maziwa. Huingia kwa pumzi na kwa chakula kilicholiwa bila kunawa, damu huibeba, mifupa huipokea ikidhani ni kalisiamu, huiweka miaka, kisha huirudisha kidogo kidogo, nayo ikala figo na mishipa ya fahamu. Tumbo lilimsokota, akaambiwa anadeka, na mwaka 2021 kiganja cha kulia kililegea, akashindwa kushika kikombe, akaacha kazi. Tarehe 11 Januari 2023 daktari aliomba majibu ya zamani, na karani wa kiwanda akamletea mkewe nakala, vipimo ishirini na sita, vyote vimezidi kiwango, vyote na sahihi ya msimamizi, ambaye alijitetea kwamba chumba kingefungwa na cheo chake kingekwenda nacho. Kikulacho ki nguoni mwako, na mjane huyu alizifua ovaroli zake za kazini miaka ishirini na saba.

Mdogo wake alipoleta maziwa wodini, marehemu aligeukia ukutani. Figo zilishindwa, akafariki tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, majirani waliombeba kwenye ngazi, na wafanyakazi wenzake, hasa karani, ambaye sasa hana kazi. Inamshukuru pia msomaji, kama hakuruka mstari.

Chuma, majibu yako yamesomwa, na amesoma aliyeyaficha. Pumzika kwa amani.