Mzee Kimya na Kokoto ya Kumi na Moja

Miaka thelathini na nne na miezi miwili. Huo ndio muda ambao Mzee Kimya amefanya kazi kwenye machimbo yetu ya mawe, na tarehe thelathini mwezi huu anarudisha kofia ngumu na filimbi. Nimeambiwa nieleze habari zake kwenye karatasi ya siku ya kumuaga, kwa sababu tuliingia pamoja, na wengine wote wa wakati ule wameshaondoka. Kuandika sijui. Shule niliipita kwa nje nikienda kuwinda ndege. Mimi natamka, binti wa ofisini anaandika, na akinipambia maneno nitamjua.

Kwanza mjue anayesema ni nani. Hakuna aliyetoboa mwamba hapa akanifikia. Mawe yakisikia drili yangu yalikuwa yanapasuka yenyewe kwa adabu. Basi mimi natoboa matundu, wenzangu wanajaza baruti na kuwasha tambi, kila utambi na urefu wake ili zilipuke moja baada ya nyingine, halafu sote tunakimbilia kibanda cha zege. Hapo ndipo Mzee Kimya anaanza kazi yake ya kuhesabu milio. Matundu kumi na moja, milio kumi na moja. Ukipungua mmoja, kuna baruti hai imelala kwenye mawe, na hakuna kwenda pale mpaka kesho yake. Ikiwa sawa anasema, "Zimetimia," tunatoka.

Wageni walikuwa wanamcheka. Kuhesabu mpaka kumi na moja nayo ni kazi? Hata mimi nilimwambia, "Wewe mwenzetu unalipwa kwa kuwa na masikio." Hakukasirika. Aliniambia kichwa cha mtu kina ghala na kina kibaraza. Ghalani kuna jina la mama yako na njia ya kwenda kwenu, havitoki. Kibarazani ni padogo, wanakaa wanne, wakibanana sana watano, na hakuna anayelala pale. Hesabu inakaa hapo. Ukiacha kuitaja inaondoka zake, na akiingia mgeni mwenye kelele, aliyekaa pembeni anaanguka. Ndiyo maana midomo yake ilikuwa inacheza, nne, nne, nne, mpaka wa tano ulie. Na kumi na moja alikuwa anaifunga mafungu, tatu, tatu, tatu, mbili, ili ienee kibarazani. Nikamwambia changu kina ukubwa wa uwanja wa mpira. Akasema, "Ndiyo, na hamna mtu."

Kwa hiyo filimbi ikilia, hakuna kuongea. Nyapara aliwahi kukohoa akaangaliwa mpaka akaomba radhi. Na kuna siku meneja alikuwa na haraka ya malori, akatuamuru tutoke, Mzee Kimya akasema bado moja. Meneja akafoka. Mzee Kimya akajilaza mlangoni kwa tumbo, akasema atakayetoka ampite juu. Kesho yake tuliikuta ile baruti nzima kama yai. Watu sita wanakula na wajukuu zao leo kwa sababu ya tumbo lile. Mmoja ni mimi.

Sasa hapa binti ameinua kalamu ananitazama. Nimemwambia aandike.

Miaka kumi na tisa iliyopita tulikuwa na mpakiaji mmoja, sote tulimwita Shemeji, kwa kuwa alikuwa mdogo wake mke wa Mzee Kimya. Siku hiyo matundu yalikuwa kumi na moja. Mlio wa nane ukatoka hafifu, kama umebanwa. Mimi nikasema, "Hiyo ni baruti au ni tumbo la nyapara?" Kibanda kizima kikacheka, Shemeji kuliko wote. Nilimwona Mzee Kimya midomo imesimama, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Halafu ikaanza tena. Ikalia milio mingine miwili. Akasema, "Zimetimia."

Ilikuwa kumi.

Hakubahatisha. Alikuwa na uhakika kabisa. Ndivyo kilivyo kile kibaraza, mtu akianguka hakibaki kiti kitupu cha kukuonyesha. Shemeji alitoka wa kwanza, mtaimbo begani, akaanza kuchokonoa mawe, na mtaimbo ukaigusa ile ya kumi na moja. Tulimbeba kwenye turubai. Turubai lilikuwa jepesi.

Wakaguzi walipouliza kama kuna mtu aliongea, Mzee Kimya aliwahi kujibu. "Nilipoteza hesabu mwenyewe." Nami nikanyamaza, mimi ninayeongea hata usingizini. Tangu siku hiyo mke wake hakumwacha, ila anamwekea chakula mezani na kwenda kukaa chumba kingine. Nimekaa kwenye meza ile mara nyingi nikipiga porojo zangu, na neno hili moja halikunitoka.

Tangu hapo Mzee Kimya hakukiamini tena kichwa. Alianza kubeba kokoto. Mlio mmoja, kokoto moja inahama kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Alisema kichwa anaweza kukivuruga mpumbavu yeyote, mfuko hawezi. Miaka kumi na tisa, hajakosea hata siku moja.

Ijumaa iliyopita alihesabu kwa mara ya mwisho. Matundu tisa, kokoto tisa zikahama. Akazipanga juu ya benchi amwachie anayekuja. Nikaona mfuko wa kushoto bado una moja. Nikamtania, "Mzee, leo zimekuzidi?" Akasema, "Hiyo ni ya siku ile. Huwa naibeba kwa ajili yako." Nilinyoosha mkono. Akanipa.

Dada yangu, utakaa mstari wa mbele siku ya kumuaga, na karatasi hii utakuwa nayo mkononi. Mume wako hakupoteza hesabu. Alinyang'anywa, na aliyemnyang'anya ni mimi. Kama una neno, niambie mimi, nitakuwa nimekaa nyuma yako.

Mzee Kimya, asante kwa kila jioni tuliyofika nyumbani na miguu yetu miwili. Wote hapa tunakuombea asubuhi zisizo na cha kuhesabu, na mtu wa kula naye mezani. Ile kokoto usiitafute. Ninayo.