Damu ya Pande Mbili: Maisha ya Mwalimu Tonny Mukhisa Walubengo, 1972–2007

Mwalimu Tonny Mukhisa alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 huko Tongaren, mtoto wa nne wa Mzee Walubengo na Mama Nabwile. Wawili wa kwanza walikwisha kuzikwa kabla yeye hajajua kutembea. Walilia maumivu ya mifupa, macho yakawa manjano, wakaenda. Tonny naye alipoanza kulia mifupa, maneno yalienea kwamba mama ndiye anayewala watoto wake kwa uchawi. Mwaka wa 1978, mbele ya wazee na majirani, Mzee alimfukuza. Mama alikwenda Kitale bila mtoto hata mmoja. Jambo hili linauma kulisoma hapa, lakini Tonny alipigania jambo moja hadi mwisho: jina la mama yake lisafishwe.

Alisoma shule ya msingi Tongaren, kisha akaomba ya upili Kitale ili Jumamosi afike mtaa wa Kipsongo, alikouza mboga mama yake. Maumivu yalimkosesha masomo mengi, ila kwa vitabu alikuwa mkaidi kweli. Katika kidato cha nne alisoma kuhusu himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya damu. Alijifunza kwamba protini ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo, unaojikunja hadi ukapata umbo lake, na umbo hilo ndilo linaloiwezesha kufanya kazi. Kwa mwenye ugonjwa wa selimundu, kipande cha sita cha mnyororo mmoja si kile kinachotakiwa. Oksijeni ikipungua, protini hizo hunatana, seli ya damu hupinda kama mundu na kuziba njia. Hayo ndiyo maumivu aliyozaliwa nayo. Lakini lililomkaa rohoni ni lingine: maagizo ya kutengeneza protini hiyo mtoto hupewa na mama na baba, na ugonjwa huu humpata pale tu yanapokuwa na kasoro kutoka pande zote mbili.

Kuanzia 1996 alifundisha Biolojia katika shule za upili za Bungoma. Wanafunzi wake hawajasahau siku aliyowapanga uwanjani makundi mawili, wameshikana mikono kama mnyororo, wakajikunja mpaka kila kundi likapata umbo lake. Kisha akamtoa mmoja na kumweka mwanafunzi Derrick mahali pake, aliyeagizwa kung'ang'ania mtu wa kundi la pili asimwachilie. Makundi yote mawili yalianguka chini.

"Mwalimu, si huyu Derrick ndio ametuangusha!"

"Derrick hana makosa. Alisimama pale alipowekwa. Ama mlitaka kumfukuza?"

Walicheka sana. Yeye hakucheka.

Tarehe 8 Desemba 2001, kanisani Kitale, alifunga ndoa na Lorna Cherop kutoka miteremko ya Elgon. Kabla ya kumposa alimwomba wapimwe damu. "Wenzangu waliletewa maua," Lorna husema, "mimi nikaletewa ati sindano, bana." Majibu ya Lorna yalikuwa mazuri, na mwaka wa 2003 walijaliwa binti yao Jelimo, ambaye ni mzima.

Julai mwaka huu kifua kilimbana, akalazwa hospitalini Bungoma. Mzee alipokuja kumwona, Tonny alimwomba kitu kimoja.

"Baba, upimwe damu."

"Damu yangu iko na shida gani? Nimelima miaka yote hii na sijalala kitandani."

"Mwenye kasoro ya upande mmoja haugui hivi. Anapitisha tu."

"Unataka kusema mimi ndio niliua watoto?"

"Hakuna aliyeua, Baba. Ndiyo maana nataka upimwe."

Mzee alivaa kofia akatoka bila kuaga. Dada yake Tonny, Roselyne, alilia akidhani ameenda nyumbani. Lorna alimkuta Mzee maabara, amekunja mkono wa shati. Majibu yalipotoka aliomba asomewe mara ya pili, kisha akarudi wodini akaketi kitandani. Anayo kasoro hiyo.

"Mukhisa, nitamwangalia mama yenu na macho gani?"

"Na yale yale uliyomfukuza nayo. Lakini iwe mbele ya watu."

Tonny alifariki tarehe 9 Agosti 2007, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Lorna.

Ameacha mjane wake Lorna, binti yake Jelimo, dada yake Roselyne na baba yake Mzee Walubengo. Ameacha pia mama yake mzazi, Nabwile. Mzee alimfuata Kitale mwenyewe, naye akajibu kwamba mwanawe atamzika, ila geti la boma hili hatalivuka mpaka aliyemfukuza mbele ya watu amwite mbele ya watu. Amefika. Amesimama pale barabarani, na familia imekubaliana kwamba jeneza halitateremshwa kabla hajaliaga.

Mungu ampe Mwalimu usingizi usio na maumivu ya mifupa.

Mzee Walubengo, tumemaliza kusoma. Tunakungoja wewe.